Kumbukumbu za Kikao cha Nne

Waliohudhuria: arobaini na mmoja, ukiacha watoto
na mbuzi wa Bwambale, aliyeingia mara mbili akatolewa mara moja.
Naandika kwa Kiswahili, kile cha mgodini alichoniachia baba,
maana kikao cha kwanza kilivunjika kwa kugombea lugha,
na hii, alisema Masika, si ya bibi ya mtu yeyote hapa.

Wamekuja akina mama wa akiba na sanduku lao la kufuli tatu,
bodaboda wa steji ya juu, helmeti mapajani,
chama cha mazishi, nusu ya kwaya,
na kijana wa manispaa, ramani yake ndani ya bomba la plastiki.

Ajenda: daraja liwekwe wapi.
Kijana akaitandaza ramani. Wa nyuma hawakuiona.
Thembo akaomba chaki kwa mwalimu
tukaichora upya sakafuni, darasa zima:
kanisa ni kiatu, msikiti ni kiatu cha pili,
soko ni rundo la vizibo vya soda,
na Nyamwamba ni kitenge cha Biira,
kimesokotwa kutoka dirishani hadi mlangoni.

Mabishano yalichukua saa nzima. Nayafupisha:
bodaboda wanataka daraja pana,
kwaya wanataka la karibu,
chama cha mazishi wanauliza tu
jeneza litavukaje bila kuinamishwa.
Watu walicheka. Kisha wakaacha.

Mbambu, ambaye kwa vikao vitatu
nimemwandika "yupo", basi,
akavua kandambili, akaingia kwenye ramani.
Akaikwepa shule, akaliomba radhi soko,
akaunasa mto kwa vidole vya mguu
akausogeza hatua nne, kuliani.
"Siku hizi unapita hapa," alisema.
"Hapa palikuwa na jiko langu."

Sijui jambo hili huandikwa chini ya kichwa gani.

Kijana wa manispaa aliikunja ramani yake polepole,
akapiga magoti kwa suruali yake ya kazini,
akaomba chaki.

Azimio: daraja lifuate mto ulipo, si ulipokuwa.
Biira atasubiri kitenge chake hadi Jumatatu.
Mengineyo: mbuzi bado yumo.

Kikao kilifungwa kwa sala, fupi,
kwa kuwa wingu lilikuwa limeshaketi milimani
na kila mtu alitaka kufika kwake
kabla mto haujabadili mawazo.