Zamu ya Maji

Dada Aikaruwa, unaukumbuka mfongo wa Uru,
zamu yetu ikiangukia saa nane usiku?
Wewe na jembe, mimi na kibatari kinachozimika.
Kuziba kwenyewe hakukuhitaji misuli:
bonge la udongo, gamba la mgomba,
ukandamize kwa kisigino, basi.
Maji yanageuka,
na shamba la mzee Ndekirwa linalala na kiu
hadi zamu yake.

Leo niko huku chini mjini, maabara,
glovu mikononi, friza inanguruma mgongoni,
natafuta mabonge yako ya udongo
ndani ya tone la damu.

Usinicheke. Sina namna nyingine ya kukueleza.
Katika kila chembe ya mwili barua zinaandikwa mchana kutwa:
tengeneza hiki, ongeza kile, mpige yule.
Na kuna vijikaratasi vya herufi ishirini na mbili hivi,
havijengi nyama, havijengi mfupa;
kazi yake kukalia barua isisomwe.
Tunaviita mikroRNA,
jina refu kuliko mwenye jina.

Kwa wagonjwa kama wewe vimepotewa na zamu.
Kimoja kimefurika, kingine kimekauka,
na askari wa damu
wameshika barua ambayo haikupaswa kuwafikia.
Wakapanda shingoni.
Wakaikuta tezi imejiinamia na kazi yake,
haijamkosea mtu,
wakaanza kuvunja vyungu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Walikaribia. Walikomea kwenye ukosi.

Kiboriloni wakakuambia ni rovu, ule chumvi ya madini joto.
Ukala chumvi mpaka ulimi ukachubuka.
Wifi zako wakasema umekuwa mvivu,
unasinzia juu ya mchele unaochagua,
unavaa sweta jua la Februari.
Si uvivu, Aika.
Ni shamba lisilofikiwa na maji.

Daktari Mlay ananiuliza:
hivi vijikaratasi ndivyo vilivyowasha,
au ni moshi tu wa moto uliokwisha kuwaka?
Moshi! Na mji wenyewe huu.
Sijamjibu. Mashine bado inahesabu,
na wagonjwa wetu ni wachache,
na umeme jana ulikatika mara mbili.

Vichupa havina majina, ndiyo sheria.
Lakini cha arobaini na moja nilikitoa mimi,
na mwenye mkono aligeuza uso ukutani
akaniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo, hadi tutakapojua,
kidonge chako alfajiri, kwa maji matupu,
chai ya maziwa isubiri.
Usikiruke ukijisikia nafuu;
nafuu ndiyo hicho kidonge.

Na zamu ikiangukia usiku,
nipigie.
Nitapanda na jembe langu.