Notisi Kwenye Kioo

Simu iliingia saa mbili kasoro, Jumanne ya mwisho wa Oktoba.
Bwana Zdzisław wa jengo la kumi na nne
hupiga kila wiki, na wiki hii alikuwa na haki:
Polonezi ya kijani, magurudumu yote manne yamekaa chini
kama ng'ombe aliyekataa kuinuka.

Nikaenda na kamera na kibandiko cha rangi ya chungwa.
Kuvu kwenye mpira wa madirisha.
Penye wipa umeota mche wa msonobari,
urefu wa kidole, unaendelea vizuri.
Bima imekwisha miaka minne.
Nikaandika: halitumiki. Nikaandika tarehe.
Nikakipapasa kibandiko kwa kiganja, kisibanduke na mvua.

Manispaa huhesabu siku zake kwa barua.
Mbili zilikwenda, hakuna iliyojibiwa.
Daftari likasema: mwenye gari, Bogusław Wrzos,
jengo hilohilo, ghorofa ya nne.

Lifti halina tangu lijengwe.
Alifungua mlango, mnyororo ungali mahali pake.
Nyonga ilimgomea, hajashuka ngazi tangu mwaka ule wa bima.
"Limetelekezwa," akaisoma karatasi yangu kwa sauti,
polepole, kama anayeonja chumvi.
"Binti, mimi hulitazama kila siku.
Wewe una gari?
Mara ya mwisho kulitazama ilikuwa lini?"

Nina gari. Sikujibu.

Kwenye fomu kuna kisanduku cha *lina mwenyewe*
na kisanduku cha *halina*.
Cha kutazamwa hakuna.

Nikampa siku thelathini ambazo si zangu kutoa.
Bibi Grażyna, mkuu wangu, aliziona,
akapiga muhuri bila kuinua macho.

Siku ya thelathini na moja winchi ikaja, na theluji.
Paka wawili walitoka chini ya injini
wakakaa kando, wakijilamba makucha, mashahidi wasioulizwa.
Ireneusz, dereva wa winchi, akaunyoshea kidole ule mche:
"Na huu nao ni mali ya manispaa?"
Nikasema sidhani.
Akaung'oa kwa vidole viwili, na udongo wake,
akautia kwenye kikombe chake cha kahawa.

Ghorofa ya nne pazia lilikuwa wazi.
Hakupunga mkono. Nami sikupunga,
mikono ilikuwa na kazi: saini hapa, saini pale.

Lilipoinuliwa, likaacha mstatili wa lami kavu, mweusi,
theluji ikaanza kuujaza bila haraka.
Haikuumaliza. Kabla ya saa sita
Bwana Zdzisław alikuwa ameshaegesha.

Alhamisi akapiga tena.
Yule wa juu, alisema, bado yuko dirishani,
na sasa anatazama langu.
Alitaka kujua kama kuna fomu.