Kilo ya Kumi na Saba

Mizani ilikaa mwishoni mwa gati,
sahani ya chuma, uso kama wa saa, mshale mmoja,
na kila kilichotaka kupaa kilipita kwangu kwanza.

Ndivyo Torvald alivyotaka. Ndege yake ya maboya,
injini kuukuu yenye kikohozi cha mvuta kiko,
haikujali jina la mtu wala bei ya koti lake.
Ilijali kilo. Ziwa ni refu, alisema,
lakini misonobari ya ng'ambo
haisogei kumpisha mwongo.

Hapakuwa na barabara. Kuanzia Juni, barafu ikishapasuka,
hadi Septemba inapokaribia kwisha,
mlango wa kule ulikuwa na mabawa.

Na wageni walidanganya, wallahi walidanganya!
Daktari wa meno mwenye fimbo sita za kuvulia,
ndugu wawili wenye kiwanda cha madirisha Winipegi,
wakipanda sahani walivuta matumbo ndani
kana kwamba mshale una macho.
Nikaandika: tisini na nane. Mia na kumi na mbili.
Mayai, katoni mbili, kumi na sita.
Pembe za kulungu, zifungwe nje, boya la kushoto.

Alphonsine hakudanganya.
Mdene, mpishi wa kambi kwa viangazi thelathini na kimoja,
alipanda na viatu vyake, na aproni, na mwiko mfukoni:
"Andika vyote. Na dhambi ukiziona."
Daftari lilimjua. Sitini na moja.
Sitini na tatu, mwaka ule wa beri nyingi.
Sitini na moja tena.

Safari ya mwisho ya mwaka, asubuhi, maji yakifuka moshi,
mshale ulifika arobaini na nne ukatulia.
Nikagonga kioo kwa kidole.
"Usiigonge," akasema. "Haijaharibika."
Torvald akatazama mawingu,
na mbingu siku ile ilikuwa tupu.

Yeye ndiye aliyevunja kimya, kwa hesabu.
"Sitini na moja toa arobaini na nne?"
"Kumi na saba."
"Basi hizo ni zangu. Nipe nizipakie."

Akapanda ngazi kwenda jikoni, polepole,
akipumzika kwenye kila kidato cha tatu,
akarudi na kikaango cha chuma: tano.
Akaenda, akarudi na mtungi wa chachu aliyoachiwa na mavyaa wake,
umefungwa kwa soksi usipate baridi: mbili.
Mara ya tatu alikaa sana. Tukasikia bisibisi.
Akatokea amekumbatia mlango wa jiko la kuni,
mweusi, wenye vishikio vya shaba: tisa.
"Mwenye kambi atauliza," Torvald alisema.
"Mwambie jiko limekwenda na mpishi."

Kumi na sita. Nikamwonyesha daftari: imebaki moja.
Alifikiri. Akatazama banda la samaki,
mtumbwi uliopinduliwa, nzi wa mwisho juu ya kamba ya nguo.
"Hiyo nakuachia," akasema. "Usiijaze kitu."

Ndege ikakimbia juu ya ziwa ikipiga kelele zake zote.
Boya la kulia likaachia maji kwanza, kisha la kushoto,
kama mtu anayevua viatu mlangoni.
Ikapita misonobari, kwa nafasi.

Nikarudi kufunga madirisha kwa mbao.
Jiko lilinitazama na kinywa wazi, jivu la mkate wa jana ndani.
Torvald angenifuata Alhamisi, upepo ukiruhusu,
nami niliandika, kwa mwandiko wangu mzuri:
kilo moja, haikutumika.

Usiku theluji ilianguka.
Asubuhi sahani ilikuwa nyeupe,
mshale umesogea kidogo tu, haujafika.
Nilisimama pale gatini, mikono kwapani,
nikaingoja.