Dakika Kumi za Kulia

Watoto wamelala. Kumi na mmoja, vichwa huku na kule,
magodoro mawili yameunganishwa kwa leso.
Nimeketi mlangoni na daftari la mraba,
ukurasa wa nyuma, ule usio na madeni.
Nimeandika SHEREHE, nikapiga mstari chini yake
mara mbili, kama mtu mwenye pesa.

Nina mia saba na arobaini.
Mama Kemuma hakuleta hela, kaleta mayai sita
ndani ya kofia ya mtoto. Moja lina ufa.
Hilo ndilo litaanza.

Siku ni Ijumaa, kabla Kaptembwo haijamwagika
kwenda Bomet, Nyamira, Malava,
nauli zikiwa bado zina haya.

Keki ni ya sufuria: mchanga chini,
makaa juu ya kifuniko, na Everline kando
aliyeapa kutofunua.
Mwaka jana alifunua, akanusa, akafunua,
katikati ikabaki uji.
Tuliwaambia watoto ni krimu.
Walilamba hadi viwiko.

Kuku ni mmoja, kamtoa mwenye duka la mkaa.
Vipande kumi na vitatu,
hesabu ambayo kuku hakuumbiwa.
Mama Swabra aliuliza nani atachinja.
Mumeo, nikamwambia, kwako, kwa kisu chenu,
na soseji nimezifuta.
Akaitikia kwa kichwa, akafika njiani, akarudi
kuuliza kwa sauti ya chini
kama Swabra naye atapata kofia ya karatasi.
Ya kijani. Keshaichagua.

Baba Krismasi ni Shikuku wa geti la kiwandani.
Mara ya mwisho alikuja na ndevu za pamba
wakalia wote, isipokuwa Jerop,
aliyeinama, akatazama viatu,
akatangaza: Huyu ni Shikuku.
Safari hii aje na uso wake.

Nilikuwa nimeandika maputo ishirini.
Nikayakata kwa wino mpaka karatasi ikatoboka.
Tangu ile Jumanne ya Juni
barabara ilipolia pa, pa,
moshi ukapita chini ya mlango
nasi tukawafunika nyuso kwa nepi mbichi za maji,
Kimutai hataki kitu kinachopasuka.
Hata ganda la njugu. Hata kiberiti
hukiwasha nje, nikimpa mgongo.
Basi badala yake: sabuni, kikombe, mrija.
Povu nalo hupasuka
lakini halitangazi.

Saa nne, uji.
Saa nne na nusu, mapovu uani,
upepo wa Menengai ukituhurumia.
Saa tano, Shikuku.
Saa tano na dakika tano, kulia. Dakika kumi.

Everline kasoma hapo akacheka:
Dada, unapanga machozi?
Napanga. Miaka tisa nalea watoto wa watu,
nimejua kilio kisichopewa nafasi
hukaa kimya, kikingoja keki.

Mama zao hawatakuwapo.
Shamba la maua halina Ijumaa,
na Desemba waridi hufungwa hadi usiku.
Kwa hiyo kuna kukata kwa pili:
vipande vyembamba, vimefungwa karatasi za daftari,
kila kimoja na jina,
mtoto ampe mamake kwa mkono wake jioni.
Najua Kimutai atakila chake kizingitini.
Nimemwandikia viwili.

Zimebaki shilingi kumi na tano.
Nimeandika: pini.

Mtu kakohoa gizani. Swabra ameketi,
shavu limechapwa maua ya leso,
anaulizia kofia.
Bado siku nne, namwambia.
Ananyoosha vidole vitano, anakunja kimoja,
anavitazama vile vinne kwa muda mrefu,
anasahau vilikuwa vya nini,
analala.