Mto na Mto

Jiliwa limeuma ndoano namba kumi na nne.
Nje, mji wa Idrija umekaa bondeni
kama masimbi ya kahawa chini ya kikombe,
na mbele yangu shangazi Rozalka
amepakata mto wake wa lesi.
Vijiti kumi na viwili vinagongana
kama meno ya mtu aliyetolewa majini Machi.

Miaka thelathini nimezungusha unyoya wima:
shingo ya jogoo wa kahawia, mizunguko mitano,
nywele zikasimama kama za paka aliyeona mbwa.
Naweza kumfunga inzi gizani.
Nimewahi kumfunga nikiwa na homa.

Kisha Jumapili akaja Tilen wa Cerkno,
kijana ambaye wembe haujamjua,
na inzi aliyelala kifudifudi juu ya maji,
unyoya wake haukuzunguka tumbo,
umezunguka kinguzo cha manyoya ya ndama,
bapa, kama mwavuli uliochoka.
Trauti wa marumaru walimwamini.
Wangu walimkagua, wakageuka.

Mazoea yana taabu. Najaribu.
Nguzo inalala. Naisimamisha. Inalala.
Unyoya wa kwanza unapanda pa kushuka,
wa pili unakatika,
wa tatu unafumuka wote mapajani
mithili ya kuku aliyekutana na lori.

Na vidole hivi.
Baba alichimba zebaki chini ya sakafu za watu,
akarudi akishindwa kufikisha kijiko kinywani.
Mimi sikuingia mgodini hata siku moja,
ila kidole kikinicheza namkumbuka, nakificha.

Shangazi hainui macho.
"Unaukaza kwa hasira. Uache ulale.
Chini ya mwenzake, Matevž. Chini, siyo juu."
Mwanamke huyu hajawahi kushika ufito wa kuvulia.
Harufu ya samaki humtia kichefuchefu.

Mzunguko wa kwanza.
Wa pili chini yake.
Wa tatu chini ya wa pili, napumua kwa pua.
Tone la gundi. Mkasi.

Amekaa kombo. Nywele tatu zinatazama Italia.
Nazikata mbili; unywele wa tatu nauacha.
Namweka juu ya lesi, katikati ya ua lisilokwisha,
naye anasimama.

Wiki hii theluji inayeyuka, maji yatakuwa kama chai ya maziwa,
hakuna samaki atakayeona chochote.
Basi, haraka ya nini?
Shangazi ana mto wake.
Wangu upo nje, unapita chini ya daraja, unanguruma.