Mpira wa Chini

Doa lilianza na ukubwa wa shilingi,
likawa kisahani, likawa sinia,
hadi Bi Mwanatumu wa nyumba ya pili akatuma mtoto
na salamu zake, na ufagio, na mfuko wa mchanga:
"Mwambie mwenye Osteni, ndia si karai."

Mwenye Osteni ni mimi, tangu Ami Swabiri atutoke.
Nilirithi gari, ufunguo uliofungwa kamba ya kiatu,
na wasia mmoja juu ya injini:
"Usimpe fundi. Watu hufungua wasichokijua."

Basi Jumapili, Kibokoni ikiwa bado imejifunika shuka,
nikavaa suruali ya mume wangu ndani ya dera,
nikatandaza boksi la sabuni, nikalala chali
chini ya tumbo la chuma
linalonizidi miaka kumi na minne.

Nilifuta kila mahali kwa tambara, nikangoja.
Tone halikutoka kwenye nati ya chini.
Halikutoka kwenye pampu, aliyoilaumu yeye miaka mitatu.
Lilitoka juu, ukingoni mwa bakuli la filta,
likajikusanya, likasita,
likaniangukia shavuni.

Mpira mpya ninao. Nimeupata Mwembe Tayari,
kwa Hirji wa vipuri, aliyepanda ngazi hadi darini,
akapuliza vumbi la zama za babake, akasema,
"Huu ukikatika, usirudi hapa. Na Nairobi usiende."

Spana ya inchi, si ya milimita.
Bolti ndefu ikaguna, bakuli likashuka,
mafuta meusi yakajaa sufuria ya mama,
ambayo haitapika wali tena,
na mama hajaambiwa.

Nikautoa mpira wa zamani. Mlaini, hauna hata ufa.
Mpira mzima, mbona unavuja?
Nikapitisha kidole kwenye mfereji unapokaa.
Nikapitisha tena.
Mfereji haukuwa na kina.

Chini ya mpira kulikuwa na mpira.

Mkavu kama kifuu, umegandamana na chuma
hata ukashika rangi ya chuma.
Niliuchokoa kwa sindano ya kofia (bisibisi hukwaruza),
kipande, kipande, kama mtu anayetoa mwiba
kwenye unyayo wa mtoto aliyelala.

Na ni yeye aliyenifundisha:
"Kwanza toa cha kale, ndipo utie kipya.
Hata ndoa ni hivyo."
Yeye aliyekuwa akiupapasa mfereji ule mara tatu
kabla ya kusema bismillahi.

Nilibaki pale chini, nikihesabu.
Mwaka aliosema, "Nisomee kijiti cha oili, mikono yangu michafu,"
na mikono yake ilikuwa mikavu.
Mwaka alioacha gazeti, akidai siku hizi yanaandika uongo.
Jinsi alivyongoja kila mtu asalimu kwanza
ndipo amwite kwa jina.
"Mato ni ya wavivu," alisema. "Fundi huona kwa vidole."

Vidole vilipita juu ya ule mpira mgumu
vikadhani ni chuma.
Akaweka mpya juu yake, akakaza, akafuta mikono,
akatwambia, "Nimemaliza."
Nasi tulimshukuru. Mimi nilimletea chai.

Mpira wa Hirji nimeupaka mafuta mabichi kwa ncha ya kidole.
Nimekaza kama unavyofunga chupa ya dawa ya kikohozi:
ishike, isilie.
Nimewasha. Taa nyekundu imekaa, imekaa,
moyo wangu umekaa nayo,
imezima.

Usiku nimelaza gazeti chini ya injini.
Asubuhi nimelisoma lote, hadi matangazo ya vifo,
halina tone.

Vipande vya mpira wa kale vimo kwenye kibiriti, ndani ya dashibodi.
Doa la njiani sijalisugua.
Bi Mwanatumu ametuma tena ufagio.
Nimeupokea. Umeegemea mlango.