Mrututu

Baba alirudi shambani na mikono ya samawati.
Mrututu na chokaa, pampu mgongoni,
mizabibu ya Orhei ikinyeshewa mstari kwa mstari
kabla ukungu haujashika majani.
Mama alimnyima mkate mpaka anawe mara tatu.
Mimi nilidhani kila baba ana rangi hiyo.

Leo ni Februari, Kishinau, ghorofa ya tatu.
Mabomba ya joto yamepoa tangu saa nne,
nami, koti juu ya koti,
namwaga shaba ileile, tone baada ya tone,
ndani ya kitu nilichokitengeneza mwenyewe:
molekuli yenye mikono mitatu,
naitrojeni, salfa, oksijeni,
inayojua kushika; kuachia haijui.

Chupa naitia kwenye beseni la mawimbi.
Sauti haisikiki, ila meno yanaisikia.
Ghenadie wa meza ya pili ametia pamba masikioni,
ananilaani kwa adabu.
Bila mawimbi, fuwele hukua kwa uchoyo,
kubwa, za kupendeza, na hazina kazi:
huzama tu chini, kama watu walioshiba.
Mimi nazitaka ndogo. Nanometa arobaini.
Panga elfu mbili
ndipo upate unene wa unywele mmoja.

Mara kumi na sita nimepata tope.
Mara ya kumi na saba, unga wa kijani,
kijani cha jani la mzabibu upande wake wa chini.

Asubuhi nafungua sahani.
Bakteria wa kidonda cha mtu nisiyemjua
(hospitali imeandika namba, na "mguu wa kushoto")
wametanda kote kama maziwa yaliyoganda,
isipokuwa duara moja.
Napima kwa rula: milimita kumi na tisa.
Mrututu mtupu, hapo jirani: tisa.
Nimepiga ukelele hadi Ghenadie akatoa pamba.

Kisha sahani nyingine, ile ya seli za binadamu.
Nusu zimekufa.

Nikakaa.
Shaba haijui nani mgonjwa, upi ugonjwa.
Nimeiundia mikono,
sikuiundia macho.

Nimeandika namba zote, kwa wino mmoja.

Jioni baba akauliza kwenye simu kama imefaulu.
Inaua, nikamwambia.
Akanyamaza; kule kwake mbwa akabweka.
"Hata yetu iliua, Zamfira.
Unadhani mama yako aliushikia nini ule mkate?"

Kesho nabadilisha mkono mmoja.
Naanza na salfa.